Kigoda cha Ubaruku

Jumatatu, 3 Juni

Nepi tena. Ukungu wa Mafinga haukaushi kitu, nimezitandaza ndani karibu na jiko. Baraka anaota meno. Sijalala.

Wageni wa msiba wameondoka, wamebaki wakwe zangu. Kila aliyekuja alisema yale yale: Baba Neema alikuwa mtu wa familia. Ni kweli. Mume wangu alitoka karakana moja kwa moja nyumbani, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi, Neema akawa anampuliza. Jumapili alimbeba mtoto mgongoni kwa kitenge mpaka kanisani. Wanaume wenzake walimcheka, naye akacheka nao.

Lakini kuna jambo la makaburini. Naliandika nisije nikajifanya sikuliona. Mwongozaji aliita watoto wa marehemu waweke shada. Nikasogea na Neema, Baraka mgongoni. Akatoka msichana mwingine, wa umri wa Neema, akashika shada pamoja nasi. Hakusita. Hakuna aliyemzuia. Mama mkwe aliangalia chini.

Jumatano, 5 Juni

Nimeambiwa sokoni. Yule mtoto wa makaburini ametoka Ubaruku na mama yake.

Ubaruku. Kila mavuno Baba Neema alikwenda huko kufuata mchele, akalala, akarudi na gunia. Mimi nikasema asante. Mama Tupo, jirani yangu, akanikonyeza: "Shoga, kumbe mchele wenu unaota na watoto." Nikacheka ili asione nilivyoumia. Jioni nimepika ule ule.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemuuliza mama mkwe yule mtoto ni wa nani. "Mwanangu, mwache marehemu apumzike." Akachukua ufagio, akafagia ua niliokwisha kuufagia. Baba mkwe alipokohoa tu nje, akauweka ufagio, akaingia ndani.

Wananificha. Wote. Sina hakika tena hata na makofi waliyopiga kwenye harusi yangu.

Tarehe 29 tunaanua matanga. Wazee watawataja watoto wa marehemu mbele ya watu. Yule mtoto akitajwa pamoja na wanangu, nataka nijue kwa nini. Asipotajwa, nataka kujua pia.

Jumatano, 12 Juni

Nimefungua karakana. Kigoda cha Baraka kipo juu ya meza, miguu haijapigwa, msasa umeachwa hapo hapo.

Baba Neema alitengeneza kimoja kwa kila mtoto, cha kukalia akishaanza kukaa mwenyewe. Vipande vya msonobari vilivyobaki, na katikati tundu la nusu mwezi la kupitisha vidole. Watu waliomba kununua. Alikataa. "Hivi siuzi, ni vya wanangu."

Nimekifunika kwa koti lake. Nikamchukia kidogo. Nikalia.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda Ubaruku. Neema nimemwacha na bibi yake, Baraka mgongoni. Nikashuka Igawa, nikachukua bodaboda. Mpunga umeanikwa kwenye maturubai pande zote, mashine za kukoboa zinapiga kelele.

Mama wa yule mtoto anaitwa Mama Jeni. Alinipokea mzigo, akasema, "Pole na safari, dada. Nilijua utakuja." Nikaingia. Kabla sijakaa nikakiona. Kigoda. Msonobari. Nusu mwezi.

Nilitaka kurudi saa ile ile.

Akasema Jeni ni mtoto wa Yohana, mdogo wake Baba Neema. Yohana alikufa Mama Jeni akiwa mjamzito. Baba Neema ndiye aliyezika. Jeni amekua akimwita baba.

Nikamwambia mume wangu alikuwa mtoto wa pekee. Aliniambia mwenyewe, kabla hata hajanichumbia. Mama Jeni akaniangalia kwa huruma. Huruma yake iliniudhi kuliko kingine chochote. Sikunywa chai yake. Sikumwamini.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa naangalia kichwa cha mzee aliyekaa mbele yangu, kimenyolewa.

Nikakumbuka. Neema akiwa mchanga, Baba Neema alirudi na mchele, kichwa kipara. Nilimtania wiki nzima. Alisema kinyozi wa Igawa kaharibu, ikabidi anyoe zote. Akacheka na mimi.

Hapakuwa na kinyozi mbaya. Alikuwa amefiwa.

Jikoni nimemuuliza mama mkwe, taratibu, "Yohana ni nani?" Akakaa chini sakafuni. Akalia bila sauti, kama mtu aliyezoea. Akasema Yohana, mwanawe mdogo, alimpiga baba yake. Mzee akamfukuza, akaapa jina lile lisitajwe kwake. Yohana alipokufa, mzee hakwenda kuzika. Baba Neema akanyoa kwa niaba ya nyumba nzima, kimya.

Jumamosi, 29 Juni

Tumeanua. Nilimpigia Mama Jeni aje na mtoto. Mama mkwe aliniomba nisiseme. Nilimwambia, "Mama, nakuheshimu, lakini leo nitasema."

Msemaji wa ukoo alipotaja watoto, nikasimama. Nikasema marehemu ameacha watoto wawili wa kuzaa, na mmoja wa kulea. Huyu ni Jeni. Ni mtoto wa Yohana.

Mimi namwangalia baba mkwe tu. Niliona fimbo yake inahama kutoka mkono huu kwenda ule.

Akasema, "Mlete."

Jeni akasogea, akapiga goti, akaamkia. Mzee akamshika kidevu, akamwangalia muda mrefu.

"Paji la Yohana hili," akasema. Yeye mwenyewe. Kwa mdomo wake.

Mama mkwe alitoka nje.

Jumapili, 30 Juni

Jua kidogo. Nepi zimekauka.

Bado nimemkasirikia Baba Neema. Ningeweza kunyoa naye. Ningepika, ningebeba mtoto, tungekwenda wote. Aliniona siwezi kutunza siri, au aliona aibu, sijui. Hayupo wa kujibu.

Baba mkwe ameomba ufunguo wa karakana. Sikuuliza wa nini. Sauti ya msasa imeanza kabla ya chai.

Nimempelekea uji. Kigoda kimeshapigwa miguu mitatu. Neema na Jeni wamemzingira, wanagombana nani ampulize vumbi kwenye nyusi. Mzee amefumba macho, anangoja.