Mbwa Anajua, Mke Hajui

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana mdomo wangu umeniponza.

Mimi ni fundi umeme mstaafu na mke wangu alikuwa muuguzi, mwaka jana tuliuza nyumba tukahamia kwenye mashua ya matanga, tunazunguka bandari hadi bandari na paka wetu Hakimu, ambaye kazi yake ni kulalia ramani, na mbwa wetu Mzigo. Paka ana beseni lake la mchanga, hana shida na mtu, ila mbwa alikuwa hajisaidii mpaka akanyage ardhi, kwa hiyo kila asubuhi na jioni nampakia kwenye kidau napiga makasia hadi ufukweni, mvua inyeshe isinyeshe, basi mke wangu akatandika kipande cha zulia huku mbele ya mashua akaanza kumfundisha, na wiki ya tatu, mshauri, mbwa akajisaidia palepale, nimeona kwa macho yangu, mke yuko chini anakoroga uji, nami badala ya kumwita nikachota ndoo ya maji nikamwaga, nikanyamaza kimya.

Usinicheke. Humu ukinyoosha mguu unagusa sufuria, ukigeuka unaambiwa "baba, toa kiwiko," nampenda sana mke wangu lakini ile nusu saa ya makasia ndiyo pekee ambayo hakuna anayeniambia nitoe kitu, kwa hiyo miezi minne sasa namwambia mbwa kagoma. Juzi mke wangu kasema safari ijayo ni siku nne bila kuona nchi kavu, mbwa ataumia kwa kubana, basi Jumamosi dada yake anakuja kumchukua akae naye moja kwa moja. Jana nimemkuta anaosha bakuli la Mzigo huku analia. Nifanyeje?

Mpiga Makasia

JIBU

Mpiga Makasia, pole, ila nusu ya pole hiyo mpe mbwa. Anafanya kazi yake vizuri, wewe unamsingizia, na sasa anafukuzwa kwao kwa kosa lako.

Leo hii, kabla ya chakula, tandika zulia, mwite mkeo, kaeni mbele mngoje. Kidau usikiguse. Mzigo akimaliza, usijitie kushangaa eti kumbe leo kaelewa, maana nakuona unavyoipigia hesabu njia hiyo. Sema ni miezi minne, na ndoo uliimwaga wewe. Atakasirika, na ana haki. Bahati yako humo ndani hamna chumba cha kununia, mtamalizana upesi. Shemeji yako mpigie wewe mwenyewe, aje kusalimia tu, arudi mikono mitupu.

Halafu iombe nusu saa yako kama mtu mzima, bila kumtanguliza mbwa. Na kabla hujaiomba, jiulize: miezi minne yote, kila ulipokuwa unashuka na Mzigo, mkeo aliwahi kukuambia usichelewe? Naye alikuwa ananyoosha miguu.