Kigae cha Moto

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu hukupenda kupitwa na habari, na huko uliko sidhani kama yupo wa kukuletea za Nyabusozi. Kitongoji chetu bado ni nyumba saba. Dereva wa lori la mahindi ya wakimbizi akipiga chafya tu, ameshatupita. Kambi ng'ambo ya bonde imekuwa mji, ina soko na vinyozi. Sisi tuna migomba na umbea. Kilima cha nyuma kimenyolewa miti kama kichwa cha mfiwa, na kuni tunazifuata mbali mpaka miguu inanung'unika.

Unakumbuka asubuhi zetu? Umande haujakauka, majirani wameshafika na vigae vyao kuomba moto kwenye mafiga yako. Watu husema mgeni asiyekaa amekuja kuchukua moto. Kwetu aliyekuja kuchukua moto alikaa mpaka maharage yakaiva, makaa yake yakawa majivu, akaomba mengine. "Chukua," ulisema, "moto haupungui kwa kugawiwa." Kuni zilipungua, lakini hilo hukulitaja.

Ndivyo alivyoingia Mama Bosko, siku aliyofika kutoka Burundi na mtoto mgongoni na sufuria isiyo na kitu. Ulimpa makaa kwanza, maswali baadaye. Na maswali yalikuwa mengi. Akajenga nyuma ya migomba yetu, kambini hakwenda tena.

Sasa habari yenyewe. Tulipokuzika tulizima moto wako, kama ilivyo desturi. Siku ya kuondoa matanga tukangoja jirani wa karibu atuletee mpya. Jirani huyo ni Mama Bosko. Tukangoja, jua likapanda, hakuja. Kaka Denisi, unamjua, subira hana. Akatoa kibiriti mfukoni, akawasha mbele ya shangazi. Shangazi akajifunga kanga, akaondoka bila kugusa uji.

Tangu hapo hakuja mtu. Nyumba iliyojiwashia moto haihitaji watu, ndivyo walivyotuelewa.

"Unaona?" Denisi akasema. "Hapa tunamngoja nani? Tung'oe mabati, tuhamie barabarani." Ameshajenga kibanda cha chai karibu na kambi. Mama, nilianza kufunga mizigo. Ule ukimya wa asubuhi... basi, niuache.

Juzi Mama Bosko akaingia bila hodi, kigae kinafuka moshi mkononi.

"Loo, leo mkimbizi ndiye anagawa msaada?" Denisi akamtania.

"Nyamaza, we Denisi. Huu si wangu. Ni wa mama yako, alionipa siku ile. Sijauacha ufe."

Kumbe kwao mfiwa ndiye huenda kuomba moto. Kumpelekea ni kama kumfukuza kwenye msiba wake. Yeye alikuwa akitungoja, nasi tukimngoja, na katikati yetu migomba minane tu. Mpaka alipoona Denisi yuko juu ya paa anajaribu kung'oa misumari.

Akazoa majivu ya kibiriti, akayatupa nje, akapanga kuni, akapuliza. Kisha akakaa. Majirani walipoona moshi unatoka jikoni kwetu, wakaanza kuja na vigae, hata wale ambao kibiriti chao nilikiona kimevimba mfukoni. Shangazi alikuja wa mwisho, akadai uji wake.

Mizigo nimefungua. Denisi akaenda barabarani peke yake. Leo asubuhi amerudi na kopo la bati, anasema kibiriti chake kimelowa. Mvua hatujaiona tangu mwezi uliopita. Nikamchagulia makaa makubwa. Akakaa mpaka maharage yakaiva.

Pumzika, Mama. Kuni nitazifuata hata zikihamia Rwanda. Na siku Mama Bosko atakaporudi kwao, hataondoka na kigae kitupu.

Nawe huko, wakija kukuomba moto, wape. Ila maswali usiwamalizie yote siku ya kwanza.

Mwanao, niliyebaki na mafiga.