Muhogo wa Skola

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hapa Kasulu tunaendelea. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na mama yako amehamishiwa shule ya Kumsenga.

Umeniuliza kwa nini bado nahangaika na watu niliosoma nao chuo cha ualimu. Nikwambie ukweli, nilikuwa msichana wa aibu. Nyumbani tulisema Kiha, Kiswahili kilinitoka kwa shida. Siku yangu ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, wenzangu walikaa nyuma ya darasa wakinicheka. Mmoja wao, Skola, akasimama: "Sauti yake ndogo. Basi nyamazeni nyinyi." Wakanyamaza, nikafundisha.

Sasa Skola ni mjane kule Kitahana. Shemeji zake wanalitaka shamba. Walimwambia akishavuna maharage aondoke. Na unajua huku kwetu mwenye mazao shambani hatolewi mpaka avune. Basi wiki iliyopita tulikwenda wote wa darasa letu tulio hai, wastaafu watupu, na majembe yetu. Maharage yalipong'olewa tu, tukapanda muhogo.

Shemeji mkubwa akaja. "Walimu, muhogo si unakaa mwaka mzima?"

"Huu wetu miwili," nikamjibu, mimi yule wa aibu. "Shika jembe, shemeji, au utupishe."

Alitupisha. Anasema atasubiri tuuvune. Na asubiri. Kahawa tumeshaisia kitaluni, tuipande kati ya muhogo kabla hatujauvuna, nayo itatuzika sisi sote, yeye pia.

Bibi yako