Nilihesabu Vidoti vya Binti Yangu

Shangazi Loretta, nakuandikia kwa aibu kubwa, maana nimemharibia binti yangu bendi na sasa haongei nami. Tessa anapiga ile ngoma kubwa kuliko zote katika bendi ya shule hapa Indiana, ngoma zenyewe ni tano na wapigaji wote wanasoma muziki uleule, kila mtu na nakala yake na mstari wake, na huwa wanapaka rangi ya njano vidoti vyao, zile alama za kuonyesha wapi pa kugonga, sasa nikaiona karatasi yake kwenye friji ina njano kumi na moja tu, nikaenda kuchungulia ya Colby wa jirani mwenye ngoma ndogo kati ya hizo tano, njano tupu! Damu ikanichemka, nikamvaa mwalimu Haskell anayewaandikia muziki, nikamwambia mwanangu anabeba mzigo mzito kuliko wote halafu ananyimwa vidoti, akanieleza eti ni mdundo mmoja wanaopokezana, sikutaka kusikia, nikarudi mara nne mpaka akachoka akawagawia vidoti sawasawa. Ijumaa bendi ilipopiga kwenye mechi ya shule, ngoma ya Tessa ikanguruma kama watu wanaohamisha kabati, wenzake wakapotea, jukwaa zima likacheka. Nyumbani akaniambia, "Mama, umechukua zamu za wenzangu ukanipa mimi. Nitawatazamaje?" Anasema anarudisha ngoma, na mashindano ya bendi ya jimbo yamebaki wiki mbili. Nifanyeje?

Mama Tessa

Mama Tessa, pole, ila umeyataka mwenyewe. Ulikwenda kumtetea mtoto ambaye hakuna aliyemwonea. Mimi muziki siusomi, kwa hiyo nilimpigia simu binamu yangu aliyebeba ngoma hiyo miaka minne, akacheka mpaka akapaliwa. Anasema zile ndogo zinakimbia, kubwa inangoja, halafu inagonga mara moja kufunga kazi ya wote. Ikikosea hiyo moja, uwanja mzima unajua. Hapewi mtoto asiyeaminika. Ndiyo heshima uliyokwenda kumpokonya mwanao, tena kwa kelele.

Sasa sikiliza. Kesho nenda kwa Haskell, umwombe radhi, arudishe karatasi ya zamani. Usimpe maoni. Jioni mgongee Tessa mlango, mwambie, "Nilikuaibisha, mwanangu, nisamehe," kisha nyamaza, usianze kueleza nia yako ilikuwa nzuri. Akisema bado anairudisha ngoma, usimbembeleze wala usimpigie mwalimu simu. Hilo ni lake kuamua, na safari hii utamwacha aamue.