Kazi ya Mungu, kwa Kiingereza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake karibu, usimpigie kelele kutoka kwenye cherehani kama ilivyo desturi yako. Natumai goti lake limepata nafuu, na kwamba ile dawa ya kuchua anajipaka mwenyewe badala ya kuwagawia majirani. Wifi anaendeleaje? Mtoto ameanza kutambaa au bado anajivuta kwa tumbo? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu.

Bahasha uliyonitumia imefika. Ndani uliandika mstari mmoja tu, kwamba watu wa bima wamejibu, Kiingereza chao ni kigumu, na kwa kuwa mimi ndiye mwanasheria wa nyumba yetu, nisome nikueleze kama ni heri au shari. Baba, ni shari. Nakwambia mapema usije ukasoma barua nzima kwa matumaini. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Ungesikia sauti yangu inakwama, ungeniambia basi niyaache, nami ningeyaacha. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Kwanza nikueleze darasa lenyewe, maana hujawahi kuniuliza ninasoma nini huko, na nilipokuwa nakueleza kwa simu ulikuwa unasema ndiyo, ndiyo, huku nasikia cherehani inakimbia. Liko ghorofani, juu ya duka la rangi. Ukitoka pale kichwa kinauma, hujui kama ni sheria au ni rangi. Tuko makarani wa ofisi za kupokea na kusafirisha mizigo, na mawakili wachanga wawili wanaojisikia sana. Mwalimu tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu ukisoma sentensi ukapitiliza nukta anagonga meza kwa kifundo cha kidole. Mchana anafasiri nyaraka za mawakili na makampuni, jioni anatufundisha Kiingereza cha sheria kwa kutumia mambo ya biashara kati ya nchi na nchi: nani alipe mzigo ukiozea baharini, meli ikichelewa kosa ni la nani, vita vikizuka mkataba unakufa au unalala tu. Anasema Kiingereza cha kawaida ni cha kuongea na watu, lakini hiki ni cha kuwafunga watu. Neno "shall" anatuambia ni kamba, na "may" ni mlango uliorudishiwa tu.

Marehemu mdogo wangu alilipenda hilo la kamba. Hukumjua vizuri Kitinda alipokuwa kwangu, Baba. Kwenu alikuwa mume wa mtu na baba wa mtoto, kwangu alirudi kuwa mtoto. Akitoka ghalani, vumbi la ufuta limejaa kwenye nyusi, anajitupa kwenye mkeka, anachukua makaratasi yangu na kunihoji kama yeye ndiye Bwana Nukta. Hajui maana ya hata mstari mmoja, lakini anagonga sakafu kwa kidole. Halafu zamu yangu ya kuosha vyombo ikifika, ananiambia kwa sauti ya jaji kwamba I shall osha sufuria. Nilikuwa namrushia kandambili. Sasa naosha sufuria peke yangu na hakuna anayeniamrisha.

Unaikumbuka hadithi yake ya ndoo. Alipokuja kumwona mtoto alikueleza kwamba paa la ghala linavuja, kwamba wamemwambia mtunza stoo wee mpaka wamechoka, na badala ya kuletewa fundi wakaletewa ndoo. Akakwambia amepandishwa cheo, zamani alikuwa mbeba magunia, sasa ni mkinga maji. Mama alinisimulia kwamba ulicheka mpaka ukajichoma kidole kwa sindano. Kwangu pia aliisimulia, ila kwangu aliongeza swali. Alikuwa ameshika karatasi ya somo juu ya majanga, akaniuliza kwa kunitania sheria yangu ya kimataifa inasemaje kuhusu ndoo.

Nilimjibu kwa mbwembwe zote. Nilimwambia kuna neno kwenye mikataba, "act of God". Ukilichukua neno kwa neno ni tendo la Mungu, lakini kwa wanasheria Mungu mwenyewe hayumo. Maana yake ni janga ambalo binadamu hakuweza kulijua wala kulizuia, tetemeko kwa mfano, na likishaitwa hivyo hakuna wa kulaumiwa na hakuna wa kulipa. Nikamwambia mvua inayovuja mahali palepale msimu mzima, na watu wameshasema, na ndoo zimeshawekwa, hiyo haiwezi kuitwa hivyo hata kidogo. Ndoo yenyewe ni shahidi. Akasema basi ataipigia saluti kesho. Unaona, Baba, somo nililijua. Nakuomba ulishike hilo, maana ndilo linaloniuma.

Maji yale ndiyo yaliyolowesha magunia ya chini, yakalainika, rundo likainama, naye alikuwa upande lilikoangukia. Hayo unayajua na sitayarudia.

Sasa nikuambie bahasha inasema nini. Imejaa maneno ya heshima, wanakupa pole mara mbili, kisha wanasema ombi la fidia kwa ajili ya Wifi na mtoto limekataliwa. Sababu ni moja. Wanasema wewe mwenyewe, baba wa marehemu, umekiri kwamba kilichotokea kilikuwa "act of God", kwamba hakuna aliyekosea, na kwamba huna dai juu ya upande wowote. Wameambatanisha maelezo yako, yaliyofasiriwa na kugongwa mhuri.

Najua umeshtuka, na najua utasema hukukiri chochote, hata Kiingereza hukijui. Kumbuka yule mgeni aliyekuja baada ya mazishi, mimi nikiwa nimesharudi kazini. Uliniambia kwa simu kwamba amekuja mtu wa bima kutoa pole, mtu mstaarabu, amevua viatu, amekaa chini na wazee, hata chai amekunywa bila kuchagua kikombe. Nilifurahi. Nilisema angalau wana utu. Yule bwana alikuwa na kalamu, Baba. Alikuuliza unaonaje juu ya msiba huu, nawe ukamjibu kama anavyojibu kila mtu aliyefiwa mwenye adabu, kwamba huna kinyongo na mtu, yaliyotokea ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa. Habari ya paa haipo kwenye karatasi. Ama hakukuuliza, ama ulimweleza kalamu ikawa imepumzika.

Hapa nilipofika nimeiweka kalamu chini mara kadhaa. Nimefagia chumba ambacho hakikuwa na taka. Lakini mficha uchi hazai, na afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa wakili wao.

Kama wiki tatu baada ya kuzika, nilirudi darasani. Sikutaka, ila nyumba ilikuwa inanishinda. Siku hiyo Bwana Nukta alitugawia zoezi. Huwa anachukua kazi zake za mchana, anafuta majina, anakata sentensi mojamoja na kutugawia tuzifasiri, na ile iliyofasiriwa vizuri anaisifu mbele ya wote. Tulikuwa tunadhani anatufundisha, kumbe tunamfanyia kazi yake bure. Sentensi tuliyopewa sote siku hiyo ilikuwa na mistari miwili. Mtu fulani, baba wa fulani, anasema hana kinyongo na mtu, yaliyotokea ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa.

Utaniuliza ilikuwaje nisiijue sauti ya baba yangu. Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka. Jibu ni kwamba maneno hayo niliyasikia msibani kwetu kutoka kwa kila aliyenishika mkono. Hayakuwa yako, yalikuwa ya watu wote. Niliyaona kama mtu anavyoiona salamu. Wenzangu waliandika Kiingereza cha kawaida tu, kazi ya Mungu kama kazi ya Mungu, na kinyongo kama uchungu wa moyoni. Bwana Nukta akatikisa kichwa, akasema hicho ni Kiingereza cha kanisani, yeye anataka cha mahakamani. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasimama nikasoma hivi: "I have no claim against any party. It was an act of God, and no one was at fault."

Kila neno nililichagua. Kinyongo nikakigeuza kuwa dai, kwa sababu dai ndilo neno la mkataba. Mtu nikamfanya upande, kwa sababu tulifundishwa kwamba kwenye mkataba hakuna watu, kuna pande. Makosa ya Mungu, ambayo hayapo, nikayafanya kosa la watu, ambalo nalo nikalifuta. Darasa lote lilipiga makofi, hata wale mawakili wachanga. Bwana Nukta alisema hiyo haihitaji kusahihishwa, akaichukua karatasi yangu akaitia mfukoni. Nilivikwa kilemba cha ukoka nikakivaa mpaka nyumbani. Nitakwambia na hili, ingawa ni aibu: ile ndiyo ilikuwa furaha yangu ya kwanza tangu tumzike Kitinda. Nilitembea nikitabasamu njiani peke yangu. Nilitamani angekuwepo nimsomee.

Sentensi hiyo ndiyo iliyo kwenye karatasi uliyonitumia. Haikubadilishwa hata nukta. Chini yake kuna jina lako, na pembeni mhuri wa Bwana Nukta. Nilipoifikia nilidhani nimechanganya makaratasi, nikafikiri hili ni daftari langu la shule. Kisha nikaona tarehe ya msiba wetu.

Nilimwendea Bwana Nukta. Mwanzoni alikuwa mkali, akasema mfasiri ni bomba, maji yakipita bomba halionji. Nilimwambia bomba hili limetia sumu, na mwenye bomba ni yeye. Halafu akaniomba, Baba, mtu mzima yule, akaniomba nisimtaje, ana watoto wanasoma, na mhuri ukishatiliwa shaka hakuna atakayempa kazi tena. Nilimwonea huruma, nikamchukia, vyote kwa pamoja. Bosi wangu ofisini naye amekwisha kusikia. Kampuni ile ya ghala mizigo yao tunaisafirisha sisi, na amenieleza kwa upole sana kwamba karani anayesimama kutoa ushahidi dhidi ya wateja ni vigumu kuendelea kukaa naye. Nimemwelewa. Hakutumia "shall", lakini kamba niliiona.

Rufaa ipo, kwenye baraza la migogoro ya kazi, na ni mwezi ujao. Nitasimama niseme mbele yao kwamba Kiingereza kile ni changu, kwamba hakikuwa maneno yako, na nitawaeleza neno kwa neno nilivyoyapotosha. Mawakili wao watanicheka, watauliza kama binti wa mlalamikaji anaweza kuaminika, na huenda wakashinda. Sikupi ahadi. Wewe nakuomba jambo moja tu, na najua ni zito kwako. Watakapokuuliza tena, usiseme ni kazi ya Mungu. Hata wakikuuliza kwa upole, hata wakivua viatu. Hata Mama akilia pembeni na mdomo wako ukitaka kumliwaza kwa neno hilo, limeze. Waambie habari ya ndoo. Waambie zilikuwa ngapi, nani alizileta, na jinsi ulivyocheka.

Nimekuandikia yote haya kwa sababu moja kubwa. Nakujua, utaisoma bahasha ile kupitia kwangu kisha utakaa kimya kwenye cherehani na kujisemea kwamba mdomo wako ndio uliomnyang'anya mjukuu wako haki yake. Sitaki ubebe mzigo usio wako. Wewe ulisema kweli, kwa lugha yako, mbele ya mgeni uliyempa chai. Kazi ya Mungu haina makosa, Baba. Hii ilikuwa kazi yangu.

Nisalimie Mama, umweleze polepole, si yote kwa siku moja. Wifi usimwambie kwanza, nitakuja nimwambie mwenyewe nikimtazama, na akinifukuza nitakuwa nimestahili. Mbusu mtoto kwenye nyusi, pale zilipofanana na za baba yake. Mashati ya watoto wa shule unayoshona yakikwisha, pumzisha macho. Nakuombea afya, na uniombee ujasiri wa siku ile moja.

Ni mimi binti yako,

Chiriku, uliyekuwa ukimwambia tangu utotoni kwamba anasema upesi kuliko anavyosikia.