Sudi Amepata Kazi Mbali

Hooyo, mama yangu,

Salaam aleikum huko uliko, chini ya mchanga wa Garissa ambako hakuna tarishi anayefika. Nakuandikia kwa Kiswahili na najua ungenicheka. Ungesema mtoto huyu amefundisha lugha ya watu miaka yote hiyo mpaka yake imemponyoka. Haijaniponyoka. Ila jambo ninalotaka kukuambia lilitokea kwa Kiswahili, na nikilianza kwa Kisomali halinitoki.

Mama Kalekye yu hai. Alinipigia simu Ijumaa iliyopita kutoka Kitui, baada ya mjukuu wake kunitafuta kwa walimu wenzangu wa zamani mpaka akapata namba yangu. Sauti yake imechakaa, lakini nilimtambua kwa kile kicheko chake cha kuanzia puani. Nilikuwa sebuleni hapa mtaani Waberi, wajukuu zangu na majirani wamejaa kwenye mkeka wakitazama tamthilia yao ya televisheni, ile ya kila jioni. Wakaninyamazisha, Hooyo! "Ayeeyo, ongea pole pole, leo ndiyo leo!" Nyanya mzima nikafukuzwa kwangu, nikatoka na simu hadi uani. Tuliongea mpaka chaji ikaisha. Kuna neno aliniambia ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo. Nitalifikia. Kwanza nataka tukumbuke pamoja, maana waliobaki wa kukumbuka ni wachache.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikwisha kufa, nasi tulikuwa watatu: wewe, mimi na kaka yangu Abdi. Abdi alikwenda Tarbaj kumsaidia abti, ndugu yako, kuchunga ngamia, na vita vikapamba moto akiwa hukohuko. Njia zikafungwa. Mtu mmoja alituambia amemwona Elwak. Mwingine akasema ameingia msituni pamoja na wale waliopigana na serikali, ambao yenyewe iliwaita shifta. Wa tatu alikutazama tu, akakuombea dua na kwenda zake. Baada ya huyo ukaacha kuuliza. Kuuliza kwenyewe kulikuwa hatari, kwani ukimtaja kijana asiyelala nyumbani, kesho askari wako mlangoni wanamtaka.

Saa kumi na mbili jioni kila mtu alitakiwa awe ndani. Mbuzi wetu walichukuliwa kwenye msako, wote isipokuwa wawili, na wewe ukabaki kuuza maziwa ya watu wengine nyumba kwa nyumba. Ndivyo tulivyomjua Mama Kalekye. Alikuwa mwanamke kijana wa Kikamba, mtoto mgongoni, na mumewe Mutinda aliendesha lori la serikali kwenye barabara ya Wajir. Wanawake wa mtaani kwetu walipita mlango wake kama hawauoni. Wewe ulibisha kwa sababu alinunua vikombe viwili kila siku, na mwanzoni hakukuwa na sababu nyingine.

Hamkuwa na la kuongea. Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni: maziwa, shilingi, kesho, na bole kwa pole, maana ulimi wetu hauna p. Juu yake yale maneno ambayo sote tulifundishwa na askari: simama, kaa chini, kibande iko wabi, yaani kitambulisho kiko wapi. Yeye Kisomali alijua "haa" na "maya", ndiyo na la, na hata hizo alizichanganya.

Kisha siku moja, Alhamisi, ulifika na maziwa ukamkuta amekaa sakafuni mbele ya redio. Alikuinulia kiganja: ngoja. Ndani ya redio ile kulikuwa na mwanamke akimfokea mumewe kwa sababu ya sukari. Ulikaa mlangoni, mimi, niliyejifunza Kiswahili shuleni, kando yako. Ukaninong'oneza, "Wanagombania nini?" Nikakuambia: mume anaitwa Mzee Kibwana, amefungia sukari ndani ya sanduku na funguo amezivaa shingoni. Ulicheka, Hooyo. Ulicheka ukaweka chupa ya maziwa chini. Sikuwa nimesikia kicheko chako tangu Abdi aondoke, na nilitamani Mzee Kibwana azidi kuwa bahili milele.

Tangu hapo kila Alhamisi saa kumi na moja tulikuwa pale. Mawe ya redio, zile betri kubwa, Mama Kalekye aliyaanika juu ya bati tangu asubuhi ili yapate nguvu kidogo, na zamu ya kuyalinda kunguru wasiyaangushe ilikuwa yangu. Wewe ulileta maziwa ya chai na uliyakatalia malipo. Mimi nilikaa katikati yenu nikitafsiri, nusu ya mchezo masikioni na nusu mdomoni. Mchezo ukiisha tulikimbia nyumbani kabla ya saa ya marufuku, wewe ukiendelea kugomba njiani na watu wasiokuwepo. Mbuzi wetu mmoja mkaidi ulimwita Kibwana. Jina likamganda mpaka siku tuliyomchinja.

Bi Zuhura, yule mke wa Kibwana, alikuwa na mwana wa kwanza jina lake Sudi. Sudi aligombana na baba yake akatoka nyumbani bila kuaga, akawa anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe mbali sana. Kila jioni mama yake alimtengea chakula, akakifunika. Nilipokutafsiria hilo ulinishika mkono. "Sema tena." Nikasema tena. Jioni ileile ulimimina maziwa kwenye kikombe cha bati, ukakifunika kwa kisahani, ukakiweka kwenye kona ya kaskazini, upande wa Tarbaj. "Cha Abdi," ulisema. Asubuhi ukakifunua. "Hajaja. Kunywa wewe, hooyo." Uliniita hooyo kama nilivyokuita, maana kwetu ndivyo mama anavyomwita mwanawe, na mimi nilikunywa nikiona haya.

Kuna jambo nililielewa nilipokua. Barabara ya Wajir ilikuwa imefukiwa mabomu na watu wa msituni, na Mutinda alipita juu yake kila wiki. Na Abdi wetu, kama kweli aliingia msituni... Siwezi kuimaliza sentensi hii hata sasa, na nywele zangu zimeota mvi. Nyinyi wawili hamkuwahi kuianza. Mlikaa bega kwa bega, kila mmoja na hofu yake, na hofu hizo zilikuwa na uadui baina yao. Basi mkaongea habari za Sudi. Amekula? Machimbo yale yana baridi? Baba yake atamsamehe lini? Sijui kama pangekuwa na njia nyingine ya nyinyi kupendana.

Sasa nifike kwenye ile Alhamisi.

Mliketi kama kawaida. Redioni mlango wa Bi Zuhura ukagongwa. Mtu aliyegonga akakohoa, akasema machimbo yameporomoka. Akasema, "Sudi amekufa, mama." Mkanigeukia. Wewe ulinigeukia ukinitazama mdomo, ukisubiri, na kikombe cha Abdi kilikuwa kinakungoja nyumbani. Hooyo, mimi nilikuwa mtoto. Nikasema neno la kwanza nililolipata.

"Sudi amepata kazi mbali. Hawezi kuja mwaka huu."

Bi Zuhura alikuwa anapiga mayowe ndani ya redio. Ukakunja uso. "Mbona mama yake analia?"

"Analia kwa furaha. Kazi ni nzuri."

Mama Kalekye alinikodolea macho. Nilimwona akifungua kinywa, nikajua nimekwisha. Kisha akanyoosha mkono, akaipunguza redio sauti, akakuambia kwa Kiswahili cha taratibu, "Ndiyo, Mama Abdi. Furaha. Furaha mingi." Na machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi mbili. Watu wa redioni walifanya matanga, nami nikakuambia ni harusi. Walimtaja marehemu, nami nikasema wamepokea salamu zake. Kila Alhamisi, kabla chai haijachemka, ulikuwa unauliza, "Sudi ameandika?" Nami ninabuni barua. Sudi amenunua blanketi. Sudi aliumwa jino, limepona. Sudi anauliza kama dada yake anasoma kwa bidii. Ukasema, "Mwambie anasoma," na nikasahau kabisa kwamba hakuna mtu wa kumwambia. Mama Kalekye alinisaidia nilipokwama, na ndipo tulipokuwa marafiki kwelikweli, mimi na yeye, kwa kula njama dhidi yako.

Kisha lori halikurudi. Walimleta Mutinda amefunikwa turubai, na Garissa nzima ikajua ni bomu la barabarani. Wanawake wa mtaa wakakuambia usiende, ni mambo ya serikali, ukienda kwao watakuchukia, na kwetu watakusema. Ulijifunga mtandio, ukanishika mkono, tukapita mbele yao mchana kweupe. Ulipoingia ulikaa sakafuni mahali pako pa Alhamisi. "Bole, abaayo," ulisema, ukimwita dada. "Bole." Ukalirudia neno hilo moja kwa siku tatu. Mama Kalekye alikulalia kifuani. Hakukuuliza Abdi yuko wapi. Nilikuwa nasubiri akuulize.

Alirudi kwao Kitui na mtoto. Redio alituachia. Mawe yake yalipokufa kabisa hakukuwa na pesa ya kununua mengine, na mchezo ukatuishia njiani. Vita navyo vikaisha, wakasema. Waliorudi walirudi. Abdi hakurudi, hakuzikwa, hakukaliwa matanga, kwani wewe ulikataa. "Huenda amepata kazi mbali," uliwaambia wazee waliokuja na tasbihi zao. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilitamani ardhi inimeze.

Hilo ndilo nililolibeba, Hooyo. Nimesomesha watoto wa watu, nimezaa, nimezika mume, na wakati wote nilikuwa na hakika kwamba mimi ndiye niliyekufunga kamba ya matumaini shingoni nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kwamba uliburutwa nayo hadi kaburini. Siku uliyofariki nilikuta kikombe kwenye kona, kimefunikwa. Nilikaa nacho mapajani mpaka watu wakaja kuniondoa.

Sasa sikiliza aliyoniambia Mama Kalekye. Macho yake yamepoteza nuru. Jioni anasikiliza tamthilia kwenye televisheni, pengine hiihii ya wajukuu zangu, na kitukuu chake anamweleza zile nyuso zinafanya nini. "Lakini ananidanganya," akasema akicheka. "Mtu akifa ananiambia amezimia. Mimi nanyamaza tu, kama mama yako."

Nikamuuliza, "Kama mama yangu vipi?"

Akashangaa. "Kwani hujui? Alijua siku ileile! Asubuhi yake alikuja na maziwa, peke yake, wewe uko shule. Akasimama hapo mlangoni. Akaniuliza, 'Sudi kufa?' Ningemwambia nini? Nikasema ndiyo, Mama Abdi, amekufa. Akaweka maziwa chini. Halafu akaniambia, 'Mtoto usiambie. Yeye nabenda Sudi.'"

Nilikaa chini palepale uani. Nilisahau, Hooyo. Katika maneno yote ya Kiswahili duniani, neno kufa ndilo ambalo mwaka ule hakuna mtu wa Garissa aliyehitaji kutafsiriwa.

Kwa hiyo ulijua. Ulikaa pale kila Alhamisi ukisikiliza matanga ya mtoto wa mwenzio, ukanigeukia na uso mkavu ukauliza kama ameandika. Barua zote zile ulizitaka kwa ajili yangu. Na maziwa yale, katika miezi ambayo mbavu zangu zilihesabika, niliyanywa mimi kila asubuhi, na hukuwahi kusahau kuyaweka. Nilidhani ninakubeba. Ningekuwa nimepumua sasa, lakini nimepata uzito mwingine: ulilia wapi? Lini? Nilikuwa nawe mchana na jioni, na sikukuona ukilia hata mara moja.

Sebuleni tamthilia imekwisha. Jirani mmoja analia kwa sababu ya mtu ambaye hayupo, mwingine anampapasa mgongo, na nusu yao mwaka jana walikuwa hawasalimiani. Nimewaacha. Nimeingia jikoni, nimemimina maziwa kwenye kikombe, nimekifunika kwa kisahani. Asubuhi hapatakuwa na mtu wa kunifunulia.

Pumzika, Hooyo. Hukunidai kitu, nami sikujua la kukuomba mpaka leo. Ninakuomba hili moja tu. Kama Abdi yuko huko pamoja nawe, usiniambie.

Mimi,
mtoto wako, uliyemwita hooyo