Kocha Alivyombeba Lugano

Jumatatu, 3 Machi
Nimechelewa tena. Dakika ishirini. Kocha Asajile hakuuliza sababu, huwa haulizi. Raundi kumi kwenye tope, wenzangu wakinitazama. Sikulia ng'o. Nilipomaliza nikamkazia macho.

Simpendi yule mzee. Chuo kizima kinamwogopa.

Sababu ninayo. Mama kavunjika mguu huko Bujonde, kwa hiyo mwanangu Lugano ninaye hapa mjini, kwa Mama Salma muuza vitenge. Ana miezi minane. Nikitoka darasani nakimbia kumnyonyesha, ndipo nakimbilia uwanjani. Chuoni hawajui kama nina mtoto. Shule niliacha kwa ajili ya mimba. Chuo siachi.

Jumatano, 5 Machi
Mama Salma kafiwa, kaenda msibani. Nikaenda na Lugano mazoezini, nikamlaza kwenye kibanda cha mipira. Nilidhani atalala.

Hakulala. Alilia mpaka Kocha akapuliza filimbi.

"Wa nani huyu?"

"Wangu. Kama ni kunifukuza, nifukuze sasa hivi."

Akaingia kibandani, akatoka naye. "Khanga yake iko wapi?" Akambeba mgongoni, akafunga fundo kifuani kama mama yeyote wa sokoni. Kisha akageuka. "Mnatazama nini? Mpira!"

Nilicheza vibaya.

Alhamisi, 6 Machi
Kwenye ubao wa matangazo: mazoezi yamesogezwa mbele nusu saa, sasa ni saa kumi na nusu. Hakuna sababu iliyoandikwa.

Neema, tunayelala naye chumba kimoja, anasema hakuna mwanaume anayetoa bure. Hata mimi simwamini Kocha. Wema wa aina hii naujua, ndio uliotangulia mimba. Nina hasira na sijui niitupe wapi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemuuliza. Mchana kweupe, timu yote ikisikia. Alikuwa anachora mistari kwa chokaa.

"Kocha, unataka nini kwangu?"

Hakukasirika. Alimaliza mstari wake kwanza. "Winga wa kushoto anayefika kwa wakati." Akainua ndoo. "Na umefanya vizuri kuuliza mbele ya watu. Uwe unauliza hivyo hivyo."

Nikaenda kupasha misuli.

Jumatatu, 10 Machi
Wameniita ofisini. Makamu mkuu wa chuo kasikia. Eti mzazi ataitia timu doa. Jina langu litoke kwenye mechi ya Jumamosi, na nafasi yangu bwenini itaangaliwa upya.

Nikasema mitihani yote nimefaulu, mtoto hajala alama hata moja. Sauti ilipanda. Sikuishusha.

Kocha alikuwa amekaa pembeni. Akavua filimbi shingoni, akaiweka mezani.

"Akitoka huyu binti, na mimi natoka. Tafuteni mwingine."

"Mwalimu, usifike huko."

"Nimeshafika."

Tukaambiwa tusubiri. Nje nilitaka kumshukuru, akanikata: "Krosi zako zinapaa mno. Kalale mapema."

Ijumaa, 14 Machi
Orodha imebandikwa. Namba kumi na moja, mimi. Na bwenini sitolewi. Ofisini wamenipa fomu ya taarifa binafsi nijaze upya. Hawakunitazama usoni. Sawa tu.

Jumamosi, 15 Machi
Matema. Upepo wa ziwani ulikuwa unaturudishia kila mpira. Tumefungwa mbili moja.

Lakini hilo moja ni krosi yangu. Ya chini. Neema akamalizia.

Washabiki wao walinizomea: "Mama mtoto! Mama mtoto!" Mara ya kwanza iliniuma. Mara ya pili niliwapungia mkono. Ndiyo, mama mtoto, nikimbizeni basi. Beki wao hakuniweza mpaka mwisho.

Kocha alimfokea mwamuzi kipindi chote cha pili, Lugano mgongoni. Mwamuzi akachomoa kadi ya njano, akamtazama mtoto, akairudisha mfukoni.

Jumapili, 16 Machi
Bujonde. Mama anatembea kwa magongo kidogo kidogo. Nimemsimulia yote. Akaniuliza jina la kocha mara mbili. "Ndaga fijo," akamshukuru kwa lugha yetu, kama vile Kocha yupo pale mlangoni.

Nimejaza fomu. Penye "watoto", Januari nilichora mstari tu. Leo nimeandika jina lake lote, kwa herufi kubwa. Mama anasema herufi zimetoka nje ya kisanduku.

Nimeziacha.